Sahani ya Yule Asiyekuja Kwenye Foleni

Hotuba kwa wawakilishi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki, Nairobi, Februari 2025

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, wenyeviti wa jumuiya, mama na baba zangu, vijana, na nyinyi majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko wetu, asanteni sana kwa kufika. Nimeombwa niseme juu ya jiko tulilowapikia watu wa mafuriko mwaka jana, maana masika yamekaribia na mto ni ule ule. Sitasimulia kila kitu. Nataka hasa kuwazungumzia watu tuliowakosa, kwa sababu hao ndio wanaoninyima usingizi nikisikia ngurumo.

Usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 24 Aprili 2024, Mto Mathare ulifurika. Nyinyi wa Mashimoni, Mabatini na 4A, mitaa ya kando ya mto, mlikuwa ndani yake. Mimi nakaa juu, karibu na barabara, na kilichoniamsha ni kelele za watu wakipiga mabati kuamsha majirani. Kulipopambazuka nilikutana na mama amebeba mtoto mgongoni na mlango wa nyumba yake kichwani. Nikamuuliza, "Mama, mbona mlango?" Akanijibu, "Ndio uliobaki."

Siku chache baadaye, alfajiri ya Jumatatu tarehe 29, maji na matope yaliporomokea watu kule Mai Mahiu wakiwa wamelala, makumi wakafa. Mwezi wa Mei ulipoanza, serikali ilikuwa inahesabu vifo zaidi ya 200 nchi nzima. Shule zilikuwa zifunguliwe siku hiyo hiyo ya tarehe 29, zikakaa zimefungwa hadi Mei 13. Hili la shule watu hulisahau wanapohesabu njaa. Mtoto aliyekuwa anapata githeri ya mchana shuleni sasa anashinda nyumbani, na nyumba yenyewe imekwenda na maji.

Ukumbi wetu ulifunguliwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Hakukuwa na kikao. Mwenye ufunguo wa stoo ya wamama alifungua, tukatoa zile sufuria kubwa za harusi na matanga, tukapanga mafiga nyuma ya ukumbi chini ya turubai. Chai ya rangi, sukari ya kutosha, mkate. Mtu aliyekaa juu ya paa kwenye mvua tangu saa nane za usiku, mpe kwanza kitu cha moto mkononi. Jina na nambari ya kitambulisho utaviandika baadaye.

Halafu tukakosea.

Mnakumbuka mwaka wa 2020, wakati wa korona. Makanisa yalifungwa, kafyu ikawekwa, haikuwezekana kukusanyika na kupika, basi tukafunga unga, mafuta, sukari na sabuni tukawapelekea watu mlangoni. Ile ilifaa kwa sababu kila nyumba ilikuwa na jiko lake. Sasa mwaka jana akili zetu zilikimbilia pale pale. Siku ya pili tuliwagawia unga watu waliolala ukumbini. Jioni nikamkuta dada mmoja ameketi kwenye ngazi, ameipakata ile pakiti ya kilo 2 kama mtoto. Hana sufuria. Hana jiko. Makaa ya mtaani yamelowa, na yaliyobaki makavu yamepanda bei. Kuna wengine waliouza unga ule nusu bei ili wawanunulie watoto chapati, na kuna watu wetu, wa kanisa hili, waliowasema vibaya. Nasema mbele yenu kwamba wale hawakukosa lolote. Sisi ndio tuliowapa kitu ambacho hakiliki, tukataka watushukuru.

Basi tukaanza kupika, na kupika ndiko tulikojifunza. Watu wa misaada huhesabu kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Sahani ya wali na ndengu, hata ukiijaza vizuri, haifikishi hata nusu ya hizo. Ndiyo sababu tukaongeza uji mzito wa asubuhi wenye sukari na kijiko cha mafuta, na wazee wa kanisa walioona tunamaliza sukari haraka wakaelezwa wakaelewa. Kilo 10 za mchele zinatoa sahani 80 za watu wazima, pengine 90 kama watoto ni wengi. Ndengu ndizo zilizotuokoa. Maharagwe yanataka kulowekwa usiku kucha na kuchemka sawasawa. Yale mekundu yakiiva nusu yanamtapisha mtu, na kuni mbichi zina moshi kuliko moto. Githeri nayo inakaa jikoni saa tatu huku watoto wanalia. Ndengu unaziosha, unaziteleka, baada ya saa moja hivi unakaanga kitunguu.

Maji tulichemsha yote, hata ya kuoshea sahani. Mto ulikuwa umebeba vyoo vya mtaa mzima, na mifereji yetu mnajua inapita wapi. Chakula cha mchana hakikulala hadi jioni, hata kama kimebaki na roho inauma kukimwaga. Wali uliokaa kwenye joto la ukumbi wenye watu mia mbili unaweza kuwaharisha watoto wote usiku mmoja, na choo tulichokuwa nacho ni kimoja. Hilo halina mjadala, na mwaka huu litabandikwa ukutani.

Sasa niwaambie juu ya foleni.

Tulitangaza kwa kipaza sauti: wenye shida wote waje kanisani, chakula kipo. Watu wakaja. Foleni ikafika getini, ikakunja kona, na sisi tukaitazama tukaona tumefaulu. Siku tatu hivyo. Siku ya nne kijana mmoja wa jumuiya akaniita pembeni akaniambia kuna nyanya kwenye ghorofa ya tano ng'ambo ya barabara, alihamishiwa huko kwa jirani usiku wa mafuriko, na hajaonekana. Tukapanda. Tulimkuta ameketi kitandani, miguu imevimba hadi magotini. Jirani mwenyewe alikuwa anashinda kwenye vibarua, kwa hivyo nyanya alikuwa anakunywa chai ya asubuhi na kusubiri usiku. Kando yake, juu ya kigoda, palikuwa na sahani ya bati iliyooshwa, imepinduliwa juu ya kitambaa safi. Nikamuuliza, "Nyanya, hukusikia tangazo?" Akasema alisikia. "Mbona hukumtuma mtoto?" Akaniangalia. "Mtoto wa nani?"

Sauti yetu ilikuwa imempandia hadi ghorofa ya tano kwa siku tatu kumwambia chakula kipo, na yeye akaosha sahani.

Tangu siku hiyo nilianza kuitazama foleni kwa jicho lingine. Foleni inakuletea mwenye miguu, mwenye sauti, na asiyeona haya. Haikuletei mama aliyejifungua juzi. Haikuletei mgonjwa wa kifua anayemeza dawa kila siku na anayehitaji chakula nazo. Haikuletei mlevi ambaye watu wamemchoka, naye pia ana tumbo. Na haikuletei mtu wa heshima. Tulikuwa na baba mmoja, fundi, mtu ambaye kila harambee ya kanisa hili jina lake lilisomwa. Vyombo vyake vya kazi vyote vilikwenda na maji. Watoto wake walikuja kula, mkewe akaja, yeye akawa anasimama getini kila siku akiuliza kama kuna mzigo wa kubebwa. Tulidhani amekuja kujitolea, tukamshukuru tukamwacha. Mama mmoja wa jikoni ndiye aliyegundua kwamba yeye hali chakula. Akampa kazi ya kuteleka na kuteremsha sufuria, na wapishi hula wakishapakua, wakiwa wamekaa pamoja nyuma ya turubai. Hakuna aliyemwambia karibu chakula cha msaada. Alikula na wenzake wa kazi.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mtalikuta kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa la mwanzo kabisa, lenye mitume wenyewe, lilikuwa linagawa chakula kila siku, na katika mgao huo wajane wa upande mmoja, wale waliosema Kigiriki, walikuwa wanarukwa. Hakuna panapoandikwa kwamba kuna aliyekusudia kuwanyima. Nadhani walirukwa kwa sababu hawakuwa wanajulikana na wale wanaogawa. Mitume wakaagiza wachaguliwe watu saba waisimamie kazi ile. Someni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Mwiko ulikabidhiwa upande uliokuwa unarukwa. Nimesikia somo hilo likisomwa tangu nikiwa msichana na sikuwahi kuliona hilo hadi nilipokaa mbele ya sufuria na orodha mkononi.

Na sisi tulikuwa na Wagiriki wetu. Majirani zetu Waislamu walikuwa wachache sana kwenye foleni, na wapo wetu waliosema wale wana misikiti yao. Nilimwendea mama mmoja wa Kiamaiko, mtaa wa jirani, ninayemfahamu sokoni, nikamuuliza wazi. Akanieleza kwa upole kwamba watu hawajui mafuta yetu ni ya nini, hawajui sufuria ile jana ilipikiwa nyama gani, na kuingia ukumbi wenye msalaba ukiwa na njaa ni tofauti na kuingia ukiwa umealikwa. Ilikuwa haki yake kusema hivyo. Tukatenga sufuria mbili mpya, yeye na dada yake wakazisimamia wenyewe kuanzia kuni hadi kupakua, na Ijumaa wachinjaji wa mbuzi wa pale Kiamaiko wakaleta vichwa, miguu na matumbo bila mtu kuwaomba. Supu ile ilinywewa na watu wote. Mama yule yuko hapa leo, ameketi mstari wa pili, na mwaka huu hatakuwa mgeni wa jiko. Ni mmoja wa wanaopanga.

Naomba pia niseme juu ya picha. Wiki ya pili walikuja wageni na mchele, mchele mzuri, na mpiga picha. Walitaka kila anayepokea sahani aishike pamoja na mgeni, watazame mbele. Kulikuwa na msichana wa Gredi ya Nane. Alipofika zamu yake aliinua sahani ikafunika uso, akapigwa picha hivyo, kisha akaenda kula akiwa ameupa ukumbi mgongo. Kesho yake hakuja, akamtuma mdogo wake. Sikusema kitu siku ile, na ninakiri kwamba niliogopa kupoteza mchele. Mwaka huu hakuna picha ya mtu anayekula katika jiko hili. Anayetaka kupiga picha apige magunia, apige sufuria, anipige mimi nikisugua.

Kuna jambo lingine ambalo wafadhili hawalioni kwa sababu hawakai hapa. Chakula cha bure kinaweza kumuumiza jirani. Mtaa wetu unalishwa na wanawake wa vibanda: wa chapati, wa githeri, wa sukuma wiki iliyokatwa. Baadhi walipoteza kila kitu kwenye mafuriko, lakini wengine mtaji wao ulipona, kisha sisi tukafungua sufuria ya bure mita hamsini kutoka kibanda chao. Mama mmoja alikuja kunieleza akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Tukaanza kununua mboga zote kwa mama mboga wa hapa hapa, hata kama kule soko kubwa tungepunguziwa shilingi kadhaa, na tukawaajiri wapishi watatu kutoka vibandani kwa pesa ya siku. Ninyi wa kamati ya fedha mlilalamika kidogo. Lakini mwenye kibanda anajua kupikia watu mia mbili kuliko sisi wenye mazoea ya harusi moja kwa mwaka. Anajua chumvi ya sufuria kubwa, anajua lini moto upunguzwe, hatupi kitu. Chakula tulichookoa kilizidi pesa tuliyomlipa.

Kisha ikaja wiki ya tatu, ambayo kwangu ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Serikali ilikuwa imetoa amri watu wahame kando ya mito, na mwezi wa Mei tingatinga zikashuka bondeni. Wapo waliokuwa wamerudi, wamekung'uta matope, wamesimamisha mabati upya, wakabomolewa. Siko hapa kuzungumzia sheria ya kingo za mito, ingawa nina maoni yangu. Nazungumzia orodha. Orodha yetu ilikuwa imeandikwa kwa ploti: ploti fulani, nyumba sita, watu ishirini na wanne. Ploti ilipovunjwa orodha ikawa karatasi tu. Watu walitawanyika Huruma, Kariobangi, Githurai, wengine simu zao zilikufa majini, na mama wa watoto mapacha tuliyekuwa tunampelekea uji kila siku sikumwona tena. Hadi leo sijui alipo.

Na ni wiki hiyo hiyo magari ya misaada yalipoacha kuja na watu wetu wakaanza kuchoka. Nililisikia likisemwa jikoni, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo nimelelewa nayo na ninaiheshimu. Lakini inamhusu mgeni aliyekuja na mikono mizima kwenye shamba lililopo. Yule fundi, jembe lake lilikuwa nyundo, randa na msumeno, na vilikuwa chini ya matope. Hawa pia si wageni. Ni watu ambao mwaka juzi waliketi kwenye viti hivi mlivyokalia. Tuliendelea kupika hadi shule zilipofunguliwa, na baada ya hapo mara tatu kwa wiki hadi mwisho wa Juni, kwa mchango wa jumuiya zenyewe: hapa kikombe cha mchele, pale shilingi hamsini kwa M-Pesa. Kila jioni karatasi ilibandikwa mlangoni, kilichoingia na kilichotoka, na yeyote angeweza kuisoma, hata mpita njia. Hatukuwa na ugomvi wa pesa hata siku moja.

Kwa hivyo nimekuja kuomba kitu. Jumuiya hizi ndogo maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele mwaka 1976, nyumba chache zinazofahamiana kwa majina, na sisi tumezizoea kwa rozari na kwa matanga. Hakuna ofisi hapa Nairobi inayojua alichojua kijana yule kuhusu nyanya wa ghorofa ya tano. Mzee wa Nyumba Kumi anajua kiasi, chifu anajua kiasi. Nyinyi mnajua nani kajifungua, nani ameacha kuja misa tangu afukuzwe kazi, nani anakohoa usiku.

Sufuria tutazikagua Jumamosi saa tatu, turubai limetoboka na vijana watalishona, ndengu gunia moja tayari liko stoo. Hayo hayanitishi. Ninachotaka kutoka kwa kila jumuiya, kabla ya Jumapili ya kwanza ya Machi, ni majina ya watu watano ambao mto ukifurika hawatakuja kwenye foleni. Andikeni mtu, msiandike ploti. Andikeni na jina la ndugu au rafiki ambaye atajua alipo kama nyumba haipo, na simu ya huyo rafiki. Wasiwe Wakatoliki peke yao. Karibu na kila jina andikeni nani atapanda ngazi.

Nyanya yule aliturudia mwezi wa Agosti, amepona miguu kiasi cha kutembea na mkongojo. Alikuja na ile sahani ya bati akatuachia jikoni, akasema itatumika. Ipo stoo, rafu ya juu, na jumuiya yake imeshaandika jina lake kwanza.

Karatasi na kalamu mtazipata kwa katibu hapo mlangoni. Asanteni.